Gari Lililoombewa

Ijumaa hiyo Wayua alifika kwa Mama Waithira, mama wa mchumba wake, saa nane mchana akiwa na furaha yake yote. Saa nane na nusu haikuwa imebaki hata chembe.

Alikuwa ametoka Kyumbi mbio mbio, kwa fundi Josphat, akiwa na habari moja tu ya kumpa mchumba wake Kahiga. Lile gari lao alikuwa amelipata. Ni ile Starlet nyekundu aliyowaambia juzi kwamba anakwenda kuikagua, ndogo, ya milango mitatu. Alikuwa amelala chini yake juu ya gunia akaikagua bolti kwa bolti mpaka Josphat akamwuliza kama anataka kuinunua au kuioa. Ilikuwa ya bei ya watu kama wao. Siku tano za wiki ingempeleka Athi River, kwenye maabara ya kiwanda cha simiti alikofanya kazi, na kumrudisha Machakos bila kummalizia mshahara kwa petroli. Jumapili ya mwisho wa mwezi ingempeleka Lukenya, kwenye ile barabara ya vumbi iliyozungushwa ndani ya ranchi, ambako magari hukimbizwa moja baada ya jingine na mtu mwenye saa anasimama pembeni akiandika nani amewahi. Gari la kazi na gari la mashindano, yote katika moja. Miezi saba walikuwa wakilitafuta.

Na Kahiga angefurahi, kwa nini asifurahi? Lukenya ndiko walikoonana. Alikuwa amekwenda kupeleka mabati ya choo, maana biashara yake ni duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, akamwona msichana akishuka kwenye gari la kuazima, meno yamejaa vumbi, anacheka peke yake. Kahiga mwenyewe alimsimulia baadaye kwamba alisahau kuhesabu mabati. Tangu siku hiyo hakukosa hata Jumapili moja.

Kwa hiyo Wayua alisukuma geti la Mama Waithira akiwa ameshafungua mdomo aseme. Mdomo ukabaki wazi.

Katikati ya ua palisimama Corolla nyeupe, ile ya nyuma ndefu, imeoshwa mpaka inaumiza macho. Watu watatu walikuwa wameizunguka, mikono juu ya boneti, macho yamefumbwa. Mama Waithira alikuwepo, na leso yake ya kanisani. Kahiga alikuwepo. Na aliyekuwa akiomba kwa sauti ya kusikika barabarani alikuwa Mzee Wambugu, mzee wa kanisa lao, mtu wa suti ya kahawia na heshima nyingi.

"Baba, ifunike hii gari kwa mkono wako. Shetani wa barabara asiione. Waingie salama, watoke salama, watoto wao waikalie, na wajukuu..."

Kahiga alifungua jicho moja, akamwona Wayua, akatabasamu mpaka masikioni. Wayua hakuweza kurudisha lile tabasamu.

"Amina!"

"Sapraizi!" Kahiga alimjia akiwa ametanua mikono. "Si uniambie kitu? Ni yetu."

"Yetu namna gani?"

"Nimemlipa Mzee jana. Pesa zako ziko palepale, hizo utanunulia vitu vya nyumba. Gari ni mimi nimetoa."

"Si tulikubaliana mimi ndiye nitachagua?"

"Wayua, haki, wewe pia. Mtu akikupatia gari unauliza kama ni polisi?"

Alicheka, na mama yake akacheka, na Wayua akajilazimisha. Alimpenda mtu huyu. Alipenda vile anavyofurahi kwa mwili mzima, kama mtoto. Kumharibia furaha hiyo kulimuuma kabla hata hajafanya hivyo.

"Njoo uone, mwanangu," Mama Waithira alisema, akamshika mkono. "Iko na milango mitano. Hiyo kitu yako ya Kyumbi, mimi na magoti yangu ningeingia nyuma nimekunjwa kama nguo."

"Mama, wewe ungekaa mbele. Wewe na nyuma mnajuana wapi?"

"Sikia vile anajua kunibembeleza!"

"Na hii haijui matope, mama," Mzee Wambugu akaongeza, akipiga paa kwa kiganja. "Miaka yote inajua kanisa na nyumbani. Tena nimewapunguzia kwa sababu ya undugu katika Kristo."

Wayua alianza kulizunguka gari. Hakutaka, lakini macho yake hayakuwa na adabu. Kukiwa na gari mbele yao lazima yatafute. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani peke yake. Mlango wa nyuma ulikuwa na nafasi inayoingiza kidole juu, na chini haiingizi hata ukucha. Weupe wa mbele ulikuwa mweupe. Weupe wa nyuma, ukiinama uutazame kwa jua, ulikuwa na umanjano kidogo. Akafungua mlango wa dereva, na harufu ikampiga. Gundi. Gundi mpya kabisa, chini ya kapeti ya gari lililozeeka.

Alimtazama Kahiga, bado anatabasamu, anazungusha ufunguo kwenye kidole.

"Mzee," Wayua alisema taratibu, "naomba ruhusa. Nataka kufunua hii kapeti kidogo tu, hapa chini ya kiti."

Mzee Wambugu aliondoa mkono wake juu ya paa.

"Kufunua kwa sababu gani?"

"Ni kuangalia sakafu tu, Mzee. Gari yoyote mtu hununua huangalia sakafu."

"Mtu hununua kwa nani? Kwa wezi wa River Road? Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tisa. Nimemwekea huyu kijana mkono kichwani akibatizwa. Sasa nikaguliwe?"

"Si wewe nakagua, Mzee. Ni gari."

"Wayua!" Mama Waithira aliliachia jina lile kwa mshtuko. "Hii gari imeombewa. Umesikia kwa masikio yako. Unataka kufunua nini tena chini ya maombi?"

Sasa msomaji asiwacheke. Watu hawa hununua ng'ombe kwa kumfunua meno, na mahindi kwa kuyauma. Lakini kitu cha mzee wa kanisa, kikishawekewa mikono na kusemewa amina, kukikagua ni kumwita mwombaji mwongo. Wayua alijua hivyo. Alikulia katika nyumba ya namna hiyohiyo kule Mwala. Ndiyo maana aligeuka, akamtazama mtu mmoja tu aliyeweza kusema neno bila kumtusi mtu.

"Kahiga," alisema. "Ni gari yako. Sema nifunue, ama sema nisifunue."

Kahiga aliacha kuzungusha ufunguo. Alimtazama mama yake. Akamtazama Mzee. Wayua aliyafuata macho yale, akingoja yamfikie, na yalipomfikia yalikuwa yakiomba.

"Achana nayo, Wayua," alisema. "Tafadhali. Hata wewe unajua wakati mwingine unazidisha."

Mzee Wambugu alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshinda. Wayua aliufunga mlango. Uso wake wote ulikuwa unawaka.

"Ni hayo mambo ya Lukenya yanamfanya hivi," Mama Waithira alisema, na sasa hakuwa na hasira, alikuwa na ule upole wa kuumiza. "Acha nikuambie ukweli, mwanangu, kwa sababu nakupenda. Kesho tunaleta mbuzi kwenu. Ukiwa mke wa hii nyumba, hakuna kukimbizana na wanaume kwa vumbi tena. Watu watasema nini sokoni? Ndiyo Kahiga akachagua gari ya kukaa nayo, si ya kuruka nayo. Kwani hajakuambia?"

"Hajaniambia," Wayua alisema.

Akachukua mkoba wake, akaaga kwa heshima, mmoja mmoja, akatoka.

Kahiga alimfikia barabarani, mbele ya kioski cha kuuza makaa.

"Wayua! Ngoja basi! Ningekuambia baada ya ntheo."

"Baada ya mbuzi kuliwa. Nikiwa sina pa kurudi."

"Si hivyo. Unajua mama. Nilimwambia ndiyo ili anyamaze tu. Tungepanga polepole mimi na wewe."

"Na leo pia ulimwambia ndiyo ili anyamaze?"

"Leo ungemwaibisha Mzee Wambugu mbele ya geti! Mama anauza mchele pale sokoni na wateja wake nusu ni wa kanisa lile. Wewe hukufikiria hiyo."

"Kahiga, nisikilize. Sahau mama, sahau Lukenya. Hiyo gari iko na shida. Mbele na nyuma hazijazaliwa pamoja. Nimeona rangi, nimeona gurudumu, nimenusa gundi. Labda hata Mzee mwenyewe aliuziwa hivyo bila kujua. Usishuke nayo ule mteremko wa kwenda Mwala. Na usimpakie mama yako ndani. Nakuomba."

"Umenusa." Kahiga alicheka, kicheko kisicho na raha. "Sema tu unataka ile nyekundu."

Hapo ndipo alipomkata maini. Wayua alisimama pale anamtazama, na machozi aliyokuwa ameyazuia uani yakaja yenyewe.

"Miaka miwili unaniangalia nikikagua magari ya watu," alisema. "Siku gani nilisema uongo?"

Kiburi kikamsaidia Kahiga, kama kinavyowasaidia wanaume wengi wakishindwa.

"Kesho saa nne niko kwenu. Na mbuzi watatu, na mama, na hiyo gari. Ukiulizwa na baba yako, ujibu vile moyo unakuambia. Kama ni gari inakuoa, sawa."

"Sawa," Wayua alisema.

Akaenda zake. Hakugeuka nyuma, kwa sababu angegeuka angerudi.

* * *

Kwa asiyejua, mbuzi wa ntheo kwa Wakamba si zawadi ya kuletwa ili usionekane umekuja mikono mitupu. Ni watatu, na mmoja ni beberu wa kuchinjwa siku hiyohiyo. Waweza kufunga ndoa kanisani na kengele zikalia mpaka zichoke. Bila hao, wazee watakuambia msichana bado yuko kwao. Na kabla kisu hakijatoka, baba humwuliza binti yake mbele ya watu wote. Akikubali, ni mke wa mtu. Akikataa, mbuzi hurudi walikotoka na kila mtu njiani huwaona wakirudi.

Saa nne ilifika Mwala, Kahiga hakufika. Saa tano.

Sebule ya Mzee Ndolo, baba yake Wayua, ilikuwa imejaa wazee wa ukoo kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vya kufuma. Jikoni mama yake, Syokau, alikuwa ameshapakua muthokoi na kuurudisha motoni mara mbili.

"Hawa watu wa Machakos wamelala?" baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Watakuja, nau," Wayua alijibu.

Usiku kucha alikuwa amejiandalia maneno ya kukataa. Aliyapanga vizuri, ya heshima, yasiyomtusi mtu. Lakini kufika saa sita maneno yote yalikuwa yamemtoka kichwani na kulibaki jambo moja, ule mteremko. Aliuona kona kwa kona. Aliona lori la mchanga likipanda, na Kahiga akikanyaga breki. Akaanza kumwomba Mungu mambo ya kipuuzi: aje tu, aje na gari lolote, aje akiwa amekasirika, aje amcheke mbele ya watu. Awe mzima tu.

"Umetoka nje mara ngapi sasa?" Syokau alimwuliza. "Kaa chini. Wewe si bibi arusi wa kuchungulia barabara."

"Mwaitu, naogopa."

"Unaogopa kuolewa?"

"Naogopa wasifike."

Mama yake aliacha mwiko. Hakuwa ameambiwa lolote, lakini alimtazama binti yake usoni, akamvutia kigoda akae karibu naye.

Ilikuwa saa saba kasorobo waliposikia watoto wa jirani wakipiga kelele na kucheka. Wayua alikuwa nje kabla mama yake hajasema neno.

Mkokoteni wa punda ulikuwa unaingia uani. Juu yake walisimama mbuzi watatu, na katikati ya mbuzi, juu ya gunia, aliketi Mama Waithira na suti yake ya kanisani ya zambarau na kofia, vumbi mpaka kwenye kope, akitazama mbele kwa hasira ya mtu anayejua kwamba akicheka mtu mmoja atashuka amzabe kofi. Mbele ya punda alitembea Kahiga. Koti hakuwa nalo. Viatu vyake vya kung'aa vilikuwa vyekundu kwa udongo, na mikono yake ilikuwa na damu iliyokauka kwenye vidole.

Wayua alitaka kumkimbilia. Miguu ilitaka, mikono ilitaka. Akashika nguzo ya baraza, akasimama.

"Mko salama?" aliuliza.

"Tuko salama," Kahiga alisema. Hakuinua macho.

Waliingizwa sebuleni, wakapewa maji, wakasalimiana na kila mzee kwa zamu, kwa sababu adabu ni adabu hata mtu akitoka vitani. Halafu Mzee Ndolo akaliuliza lililokuwa midomoni mwa wote.

"Tuliambiwa mnakuja na gari."

"Tulikuwa nayo, baba," Kahiga alisema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. "Kwenye mteremko lori likatujia. Nikashika breki. Mbele ikasimama... sijui niseme aje. Nyuma ikaenda upande wake. Kama si Mungu tungekuwa kwa bonde. Nikamshusha mama, nikashusha mbuzi. Mama akasema ni shetani anatupiga vita, tuombe tuendelee. Nikakataa. Nikang'oa kapeti kwa mikono."

"Ukaona nini?"

"Mshono. Kutoka huu mlango hadi ule, sakafu yote. Ni magari mawili, wazee wangu. Moja ilikatwa mbele, nyingine ikakatwa nyuma, zikachomelewa katikati, zikapakwa rangi. Mshono umefunguka, mtu anaweza kuingiza mkono akaona lami."

"Aiya!" wazee walisema kwa pamoja.

Mama Waithira alikuwa anatazama mapaja yake. Kofia ilikuwa imeinama upande na hakujali kuinyoosha.

"Wayua aliiona jana," Kahiga aliendelea. "Aliomba kufunua. Nilimkataza mbele ya watu."

Mzee Ndolo alimgeukia binti yake, na Wayua akatazama nje ya dirisha. Mzee alijikohoza, akasimama, kwa sababu siku ilikuwa imeenda na kilichowaleta pale hakikuwa gari.

"Mungu amewalinda, tushukuru. Sasa, Wayua mwana wakwa. Mbuzi wako hapo nje. Umewaona. Nakuuliza mbele ya hawa wazee na mbele ya huyu mama. Wachinjwe, ama warudi?"

Mioyo ya watu wote ilikuwa imeshajibu. Kijana amepona kifo, amefika kwa miguu na mbuzi wake, amekiri kosa mbele ya ukoo mzima. Nani angekataa? Hata Syokau, mlangoni, alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Nau, niruhusu nimwulize swali moja kwanza," Wayua alisema.

Mzee mmoja aliguna. Msichana haulizi siku hiyo, huulizwa. Lakini Mzee Ndolo alimjua binti yake.

"Uliza."

Wayua alisimama mbele ya Kahiga.

"Leo ungefunua hiyo kapeti," alisema, "kama gari haingeyumba?"

Kahiga aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu afike. Yalikuwa mekundu.

"Sema ungefunua," Mama Waithira alinong'ona kando yake, na kwa vile chumba kilikuwa kimenyamaza, kila mtu alimsikia.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja, na beberu angekuwa kwenye moshi. Wayua mwenyewe, ndani kabisa, alijikuta anataka alisikie hilo neno, hata kama ni la uongo, ili mambo yaishe apumzike.

"Hapana," Kahiga alisema.

"Kahiga!"

"Hapana, mama, nisingefunua. Kama haingeyumba ningeingia hapa nikishika usukani kwa mkono mmoja, nimwonyeshe kwamba alikosea. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kusema." Alimeza mate. "Na mbaya zaidi ni kwamba jana nilijua. Wewe ukiangalia gari hukosei, Wayua, mimi najua hivyo kushinda mtu yeyote aliye hai. Nilijua umeona kitu. Lakini ningesema ufunue, mama angeaibika mbele ya mzee wake wa kanisa. Lazima mmoja wenu angeaibika. Nikaona afadhali wewe. Sababu mama angekaa na uchungu mwaka mzima, lakini wewe... wewe ungenisamehe."

Maneno hayo yalimwingia Wayua taratibu, moja moja. Afadhali wewe. Ungenisamehe. Aliona afadhali angempiga.

Aliyelia hakuwa yeye. Alikuwa Mama Waithira. Alilia bila kujificha uso, kofia imemwangukia mapajani.

"Baba yake huyu alikuwa ananifanya hivyo," alisema, na hakuwa akizungumza na mtu fulani. "Mbele ya ndugu zake, mbele ya wateja, popote. Ilikuwa afadhali mimi, kwa sababu mimi ningesamehe. Na nilisamehe. Miaka ishirini na sita. Nilidhani mtoto haoni." Akamtazama Wayua, na ule upole wa jana haukuwemo, kulikuwa na mwanamke tu anayemtazama mwanamke mwenzake. "Mwanangu, usinionee huruma mimi na hawa mbuzi. Wakirudi, wamerudi. Nitakaa nao kwa ile mkokoteni vile nimekuja. Lakini fikiria vizuri kabla hujamjibu baba yako."

Nje punda alipiga chafya, na hata watoto hawakucheka.

Wayua alimtazama Kahiga. Alikuwa akimngoja aombe, apige magoti, aseme yale ya wanaume kwamba nitabadilika, sitarudia. Hakuomba. Alikaa pale na vidole vyake vilivyochanika, amejivua nguo mbele ya ukoo wa watu na hakujaribu kujifunika. Mtu huyu, aliyeshindwa jana kutamka neno moja la kumtetea, leo alikuwa ametamka ukweli wote wa kujiangamiza, na mama yake akiwa kando anamnong'oneza uongo. Alimkasirikia kwa moyo wake wote. Na alimpenda, Mungu amsaidie, alimpenda kushinda jana.

"Nau," alisema, na sauti ilitoka imara kuliko alivyotarajia. "Wachinjwe."

Syokau alipiga kigelegele, kikamkatikia kooni, kwa sababu binti yake alikuwa ameinua mkono.

"Bado sijamaliza. Gari nitachagua mimi, na Lukenya nitaenda, na hayo si ya kuombana ruhusa." Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Kahiga, akasema polepole, kila mtu akisikia. "Na hiyo ya jana nimekusamehe. Msamaha huo ni wa mara moja. Usinizoee."

Kahiga aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Sitakuzoea," alisema.

Mama Waithira alijifuta uso kwa kiganja, akasimama na magoti yake mabovu, akaenda kusimama upande wa Wayua.